Wagashi Inapogoma: Kutafuta Chanzo Kuanzia Sufuriani Hadi Kiganjani

Donge linapasuka mkononi ukiwa umebakiza petali mbili ua likamilike. Mochi, donge la mchele wa kunata, uliyoilaza jana ikiwa laini kama ndewe ya sikio, asubuhi unaikuta ngumu kama kifuu. Yokan, jeli ya rojo la kunde, uliyoimimina kwa uangalifu imejigawa tabaka mbili, juu kioo, chini matope. Anayejifunza wagashi, yaani vitamutamu vya jadi vya Kijapani, hukutana na yote haya, na karibu kila mara huilaumu mikono yake. Mimi nililaumu yangu kwa muda mrefu. Nilirudia kuchora ua lile lile siku nzima, kumbe kosa nilikuwa nimeshalifanya asubuhi, sufuriani.

Wagashi nyingi ni jamii ya kunde, mchele, sukari na maji. Hakuna siagi wala maziwa ya kufunika kosa. Kwa hiyo maji ndiyo ya kuulizwa kwanza: yakizidi, rojo linanata, yakipungua, linapasuka, wanga ukiyaachia, kitu kinakuwa kigumu. Dalili nimezifuata kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kunde hadi umbo, maana nyufa unazoziona kwenye umbo mara nyingi zitakurudisha nyuma hatua mbili tatu.

## An: rojo la kunde

An ndiyo roho ya kazi hii. Hutengenezwa kwa azuki, punje ndogo nyekundu za ukoo mmoja na choroko na kunde zetu. Ikiachwa na maganda huitwa tsubuan. Ikichujwa ikawa laini ni koshian. Ikipikwa kwa maharage meupe ni shiroan, na hiyo ndiyo hutiwa rangi.

Ina ukakasi. Sukari umeweka ya kutosha lakini ulimi unabaki umekazwa. Hukumwaga maji ya kwanza. Ganda la azuki lina tanini, nayo ndiyo huleta ukakasi huo. Chemsha azuki dakika chache mpaka maji yageuke mekundu yenye ukahawia, yamwage yote, suuza punje, anza upya na maji safi. Wajapani huiita hatua hii shibukiri, yaani kukata ukakasi. Kwa tsubuan mara moja yatosha. Nikitaka koshian ya rangi safi hurudia mara ya pili, na hapo naishia, kwa sababu kila maji unayomwaga yanaondoka na harufu ya azuki pia.

Punje nyingine laini, nyingine ngumu. Uliza umri wa azuki kwanza. Zilizokaa dukani miaka miwili zinaweza kuchemka mchana kutwa zisilainike sawasawa, na hakuna ufundi wa kuziokoa. Kama ni mpya, tazama kina cha maji: punje inayochungulia juu ya maji hubaki ngumu, kwa hiyo ongeza maji kidogo kidogo zibaki zimefunikwa muda wote, kwa moto wa kuchemka taratibu. Kuroweka usiku kucha hakusaidii azuki sana, kwa kuwa ganda lake halipitishi maji kirahisi. Maji huingilia sehemu ndogo tu penye kitovu cha punje. Maharage meupe ni kinyume chake, hayo lazima yalale majini.

Chanzo kikubwa kuliko vyote ni haraka ya sukari. Sukari ikishaingia, punje haitalainika zaidi ya pale ulipoikuta. Chukua punje moja, iminye kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho. Kidole cha mwisho hakina nguvu, na ndiyo sababu ya kukitumia: kama hata hicho kinaiponda bila kukaza, azuki iko tayari kupokea sukari. Jaribu punje tano sita kutoka sehemu tofauti za sufuria, si moja uliyoipenda. Kisha tia sukari kwa mafungu mawili au matatu.

Inavutika kama gundi. Hili linatokana na blenda. Wanga wa azuki umefungwa ndani ya seli ndogo ndogo, na punje inapopikwa nzima, protini inayouzunguka huganda na kuuzuia usimwagike. Ndiyo maana an nzuri hutawanyika ulimini kama vumbi laini lenye unyevu. Visu vya blenda hupasua zile seli, wanga unamwagika, na ulichonacho sasa ni uji mzito. Hautarudi kuwa an hata uusonge vipi.

Njia ya koshian ni chekecheo na subira. Ponda azuki juu ya chekecheo huku ukimimina maji, maganda yabaki juu. Acha bakuli litulie mpaka rojo litue chini, mwaga maji ya juu, tia mengine, rudia mara mbili tatu mpaka maji ya juu yawe safi. Halafu mimina kwenye kitambaa na kukamua kama anayekamua tui, ila hapa tunachokitaka ni machicha. Kila gramu 100 za machicha hayo nazipa sukari gramu 60 hadi 70.

Haisimami, inatandaa. Umeiondoa motoni mapema. An husongwa, na aliyezoea kusonga ugali ana mkono unaofaa, ila moto usiuogope: ukiwa mdogo mno utasonga muda mrefu na rangi itafifia. Vaa mikono mirefu, maana rojo hurusha matone yanayounguza. Iko tayari pale mwiko unapopita na kuacha chini ya sufuria paonekane kwa sekunde moja, na fungu ukiliinua na kuliangusha linakaa kama kilima badala ya kutambaa. Likipoa litakaza zaidi, kwa hiyo achia likiwa laini kidogo kuliko unavyotaka.

Kupoza nako kuna kosa lake. An ikiachwa sufuriani kwa lundo, mvuke unarudi kuwa maji, juu panakauka na ndani panalowa. Igawe iwe mafungu madogo kwenye sinia na uifunike kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa sana.

Imechacha kesho yake. Karibu kila mara mpishi amepunguza sukari hadi nusu. Naelewa kwa nini, lakini sukari hapa inashika maji yasiwafae bakteria, na pia inashika maji ndani ya wanga ili usikakamae. Wagashi zimekua pamoja na chai ya matcha, ambayo ni chungu. Aliyekunywa kahawa chungu na kashata barazani hahitaji kuelezwa zaidi. Ukitaka utamu mdogo, fanya kipande kiwe kidogo na ukile siku hiyo hiyo.

Shiroan ina rangi ya kijivu au manjano. Maganda yamebaki. Baada ya kulala majini na kuchemka kidogo, menya punje moja moja. Kazi inachosha, lakini hakuna rangi ya waridi itakayong'aa juu ya shiroan chafu. Na usiiache ishike chini ya sufuria, kwa sababu hata sehemu ndogo iliyoungua huipaka manjano sufuria nzima.

## Nerikiri: pale donge linapofinyangwa

Nerikiri ni shiroan iliyokaushwa kidogo, ikachanganywa na gyuhi, yaani donge tamu la unga wa mchele wa kunata, kisha ikakandwa mpaka ikubali kufinyangwa kama udongo. Hapa ndipo maua ya majira yanapochongwa, krisanthemumu ya vuli, sakura ya machipuko. Jijini Kyoto utakuta pia konashi, ambayo shiroan huchanganywa na unga wa ngano na kupikwa kwa mvuke. Inafanana kwa macho lakini ina ugumu wake na makosa yake, kwa hiyo usichanganye maelekezo ya moja na ya nyingine.

Kipimo changu cha kujifunzia: shiroan gramu 300, na gyuhi ya unga gramu 10, sukari gramu 20, maji gramu 20. Pima kwa mizani. Vijiko havifai hapa, kwa sababu gramu tano za maji zinatosha kugeuza tabia ya donge zima.

Linanata vidoleni. Shiroan haikukaushwa vya kutosha kabla ya gyuhi kuingia. Irudishe motoni, au kwenye maikrowevu kwa vipindi vya dakika moja huku ukiigeuza kila mara, mpaka uso wake uwe na vumbi vumbi kama kiazi kilichopwazwa kikakaushwa maji. Ukiigusa kwa mgongo wa kidole isiache kitu. Usikimbilie kupaka unga mikononi. Unga utaacha madoa meupe kwenye petali, na unyevu utabaki pale pale.

Lakini kama donge lilikuwa zuri na likaanza kunata katikati ya kazi, basi ni joto la viganja. Jikoni kwa Dar es Salaam au Mombasa hilo utalipata mapema kuliko mtu aliyeko Kyoto wakati wa baridi. Weka bakuli la maji baridi kando, chovya mikono, ifute kwa kitambaa kilichokamuliwa, endelea. Gawa donge uwe unafanyia kazi kipande kimoja, mengine yafunikwe.

Linapasuka pembeni. Watu husema ni kavu, wakaongeza maji. Subiri kwanza. Chukua kipande, kikande kwa nguvu kwenye kitambaa chenye unyevu mara kumi na tano hivi, ukikichana vipande vidogo na kuvikusanya tena. Kama nyufa zimepotea, maji yalikuwemo tangu mwanzo, ila hayakuwa yamesambaa. Kule kuchana na kukusanya kuna kazi nyingine pia: kunatoa mvuke na kuleta weupe. Nyufa zikibaki, hapo ndipo ulowanishe mikono kidogo tu na kukanda tena. Ukilifunga vizuri likalala usiku mmoja mahali pa baridi, kesho utalikuta limetulia na linakutii. Mimi silifinyangi donge siku niliyolipika ikiwa nina nafasi ya kungoja.

Linavutika na kurudi, mistari inafifia. Gyuhi imezidi. Dawa ni kuongeza shiroan iliyokaushwa, si kuongeza moto.

Linachanika wakati wa kufunga an ndani. Hapa wengi hupoteza wiki nzima. Kufunga huku huitwa hoan: unatandaza nerikiri kiganjani iwe duara, unaweka kidonge cha an, halafu unazungusha huku kidole gumba cha mkono mmoja kikishindilia cha ndani, na vidole vya mkono mwingine vikipandisha ukingo mpaka ufunge. Kwa kuanzia, gramu 25 za nje kwa gramu 15 za ndani zinafaa.

Ukichanika, minya vidonge viwili, cha nje na cha ndani, kila kimoja kwa mkono wake, ukiwa umefumba macho. Je, vina ulaini sawa? Cha ndani kikiwa laini zaidi, kitakimbilia upande unaosukumwa na kupasua ukuta. Kikiwa kigumu zaidi, kitasimama kama jiwe na kila mstari utakaochora juu yake utafungua ufa. Kusawazisha ugumu wa vitu hivi viwili kumenisaidia kuliko zoezi lolote la vidole. Halafu ndipo utazame mkono: tandaza duara liwe nene katikati na jembamba ukingoni, maana ukingo hukusanyika wakati wa kufunga na katikati hunyooka. Anayetandaza sawasawa kama chapati ataishia na chini pembamba panapoonyesha wekundu wa an, na kofia nene juu.

Mistari ya ua inachanika au haijapangika. Kibao cha pembe tatu, sankakubera, kina kingo tatu: moja huchora mstari mwembamba, nyingine mistari miwili pamoja, ya tatu ni butu zaidi. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya mistari miwili mitatu; mabaki yaliyokauka kwenye ukingo ndiyo huchana. Kwa mpangilio, usianze upande mmoja ukizunguka. Gawa nusu, kisha robo, kisha nane, kisha kumi na sita. Kosa dogo likigawanywa hivyo halikusanyiki kwenye petali ya mwisho.

Rangi imekuwa kali au ina michirizi. Usitie rangi kwenye donge lote. Tengeneza kipande kidogo cha rangi nzito, kikande mpaka kisiwe na alama, kisha chota kutoka humo ukichanganya na nyeupe. Mchana wa jua uiangalie karibu na dirisha. Taa ya jikoni hudanganya. Ukitaka rangi ififie taratibu kuingia nyeupe, punguza unene wa mpaka wa vipande vyote viwili mpaka vipandane, ndipo uvibane kwa kidole. Mpaka mnene hubaki mstari.

Namna ya kujua kama nerikiri yako imefaulu ni kuikata kwa kuromoji, kijiti cha mti wanachotumia Wajapani kwa kulia. Ikatike kwa mkato mmoja, ukuta ubaki wima, na kijiti kitoke safi.

## Mochi na ndugu zake

Imekuwa ngumu usiku mmoja. Kwanza, unga gani? Unga wa mchele tunaoutumia kwa vitumbua hautoi mochi. Wanga wa mchele wa kawaida una aina mbili za chembe, amilosi na amilopektini, na amilosi hukakamaa haraka. Wa mchele wa kunata karibu wote ni amilopektini. Tafuta shiratamako au mochiko, zote za mchele wa kunata. Joshinko nayo ni ya Kijapani, lakini ni ya mchele wa kawaida, nayo huwapotosha wengi kwa sababu pakiti zinafanana.

Pili, uliiweka kwenye friji. Wanga uliopikwa hukakamaa haraka zaidi kwenye baridi ya friji, nyuzi chache juu ya sifuri. Daifuku, yaani mochi iliyofungwa an ndani, ibaki mahali pa kivuli na iliwe siku hiyo, au ifungwe moja moja na kugandishwa kabisa kwenye friza, kisha iachwe iyeyuke yenyewe. Tatu, sukari: gyuhi hubaki laini siku mbili tatu kwa sababu sukari yake inashikilia maji.

Ina chenga. Shiratamako ni chenga tangu pakitini. Mimina maji kidogo kidogo na kuzisaga kwa vidole mpaka ziishe, ndipo sukari ifuate.

Ni nyeupe na inakatika. Haijaiva. Mochi iliyoiva hupoteza weupe wa chokaa, ikawa na mng'ao na kuvutika. Rudisha kwenye mvuke.

Haifungi chini. Wanga wa kunyunyizia umeingia upande wa ndani. Unyunyize nje tu, na upanguse ukingo kwa brashi kabla ya kubana.

Daifuku ya stroberi ikivuja, huna kosa kubwa: sukari ya an huvuta maji ya tunda. Kausha tunda vizuri, tumia an ngumu kidogo, na uile ndani ya saa chache.

Warabimochi, ile laini ya wanga wa mizizi, iliyokuwa angavu ikageuka maziwa ni friji tena. Ipoze kwa maji baridi muda mfupi kabla ya kula, basi.

## Yokan

Yokan ni an iliyogandishwa kwa kanten, kitu kinachotokana na mwani mwekundu, hasa ule uitwao tengusa. Kwa msomaji Mwislamu hili lina maana, kwa kuwa gelatini ni ya mnyama na asili yake lazima iulizwe. Lakini mwani unaolimwa Zanzibar hauwezi kushika nafasi hii. Huo hutoa karagenani, ambayo huganda kwa tabia nyingine, na vipimo vya kanten haviufai.

Haikuganda. Kanten lazima ichemke kweli kweli, kama dakika mbili kwa ile ya unga, na iyeyuke yote kabla sukari haijaingia. Sukari ikitangulia hunyakua maji na chembe za kanten hubaki nzima. Sababu nyingine ni ukali wa tunda. Ukichemsha kanten pamoja na maji ya limau au pesheni unaikata nguvu, kwa hiyo maji ya tunda yaingie mwisho, moto ukiwa umezimwa.

Tabaka mbili. Umemimina ikiwa ya moto mno. An ni nzito, inazama wakati kanten bado ni maji. Weka sufuria ndani ya beseni la maji na uendelee kukoroga taratibu mpaka mwiko uanze kuhisi uzito, karibu nyuzi 50, ndipo umimine. Usichelewe pia, kwani kuanzia nyuzi 40 kushuka chini kanten huganda hata juu ya meza, na kuganda katikati ya kumimina kunaleta mabonge.

Inatoa maji juu. Sukari ndogo, au umeigandisha kwenye friza. Yokan na friza havipatani.

## Vinavyobaki

Dorayaki, vikeki viwili vya kikaangoni vyenye an katikati, ikitoka na madoadoa badala ya kahawia moja tulivu, kuna mafuta kikaangoni. Paka, kisha pangusa yote kwa karatasi. Rakugan, ile ya sukari na unga iliyoshindiliwa kwenye kibao cha mti kilichochongwa, ikivunjika ni kavu, ikigoma kutoka ina maji. Finyanga ngumi ya mchanganyiko: ubaki na alama za vidole, na ukiusukuma uvunjike safi. Chombo cha kunyunyizia maji kitakusaidia hapa kuliko kijiko.

Na zile zilizoshindikana usizitupe. An iliyogeuka uji, iongeze maji na chumvi kidogo sana, ichemshe, ni oshiruko, mchuzi mtamu wa azuki unaonywewa siku za baridi. Mochi tupu iliyokakamaa ibanike juu ya moto mpaka ivimbe na kupasuka, kwa kuwa joto huulainisha tena ule wanga, kisha itumbukize humo ikiwa bado inapiga kelele.